Noah ya Milioni 13 Ikachemka Siku ya Tatu: Jamaa wa Dirma na Ujumbe wa WhatsApp Aliogoma Kuufuta

Kuna ujumbe mmoja wa WhatsApp ambao jamaa mmoja wa Dirma, kule Hanang mkoani Manyara, amegoma kuufuta. Simu yake imejaa kiasi kwamba picha za harusi ya dada yake ilibidi azihamishie kwenye simu ya mtu mwingine. Ila huo ujumbe upo palepale. Ni maneno machache tu: "Kaka gari haina shida yoyote. Injini haijawahi kufunguliwa. We njoo na hela, unaondoka nayo, kesho unapiga kazi."

Alienda na hela. Akaondoka nayo. Kazi alipiga siku mbili na nusu.

Jamaa ana miaka 28. Kwa miaka sita alikuwa bodaboda, abiria wake wengi wakiwa wa Dirma na Katesh, na ile njia anaijua kama kiganja chake. Masika unashuka unasukuma, kiangazi unafika nyumbani hujulikani kwa vumbi. Siku za mnada aliona jinsi akina mama wanavyobanana na magunia yao wakisubiri usafiri, akapiga hesabu. Noah moja tu, ikisimama vizuri, inamtoa.

Hela ilipatikana kwa kuungaunga. Bodaboda aliiuza milioni moja na nusu. Akiba yake ilikuwa milioni tano. Dada yake akakopa milioni mbili kwenye VIKOBA. Zilizobaki zilitoka zizini. Mama yake, ambaye nyumbani wanamwita Ayo kama Wairaqw wengi wanavyowaita mama zao, aliuza ng'ombe watano. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Hawa walikuwa wa kunizikia. Nenda kanunue gari zima."

Gari lilipatikana kwenye yadi moja mjini Arusha, kupitia tangazo la Instagram. Rangi nyeusi, rimu zinang'aa, picha imepigwa jioni jua likiwa zuri. Jamaa hakuwa mjinga wa kukurupuka. Kabla ya kusafiri alimtumia muuzaji ujumbe wa sauti: "Kaka, hii gari nataka nikapakie abiria huku kwetu. Barabara ni ya vumbi na kuna vilima. Itaweza?" Jibu ndilo lile ambalo mpaka leo hajalifuta.

Alipofika yadi alikuta gari tayari linaunguruma. Muuzaji akamwambia aliliwasha ili AC ishike vizuri. Wakazunguka mtaani dakika kumi, lami tupu, tambarare kabisa. Dashibodi ilisoma kilometa 118,000. Ndani kulinukia kama duka la manukato. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, na chini kabisa uliandikwa kwa herufi kubwa: GARI LIMEUZWA KAMA LILIVYO. LIKISHAUZWA HALIRUDISHWI. Akasaini. Milioni 13 zikatumwa benki kwa benki.

Siku ya kwanza Dirma ilikuwa sherehe. Watoto walilikimbilia, wazee walilizunguka wakigonga gonga bodi. Ayo aliketi kiti cha mbele akapelekwa mpaka kanisani na kurudishwa, umbali ambao kila siku huutembea kwa miguu.

Siku ya tatu ilikuwa ya mnada. Gari limejaa, magunia juu, kuku chini ya viti. Kwenye mwinuko wa kwanza mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwenye mwinuko wa pili mvuke ukatoka mbele kama sufuria limefunuliwa. Abiria mmoja akauliza, "Dereva, gari inapika chai?" Watu wakacheka. Mwenye kuku hakucheka. Alishuka, akadai nauli yake, akaendelea kwa miguu.

Fundi wa Katesh alisubiri injini ipoe ndipo akaifungua. Hakuchukua hata saa moja. Silinda hedi ilikuwa na ufa, na ule ufa ulikuwa umezibwa kwa gundi ya chuma. Bolti zilikuwa na michubuko ya spana, maana yake zimefunguliwa zaidi ya mara moja. Halafu nyuma ya betri ikaokotwa kadi ya kubadilishia oili, ile ambayo gereji huwa wanaitundika kwenye injini. Ilikuwa imeandikwa kwa peni: kilometa 231,400.

Fundi akamwonyesha, akamwambia, "Mdogo wangu, dashibodi imerudishwa nyuma. Na hii injini imeshalala kwa daktari mara mbili au tatu. Umepigwa."

Akampigia muuzaji. Mara ya kwanza alipokea: "Dogo, gari imetoka hapa inatembea. Sisi hatuuzi barabara. Mkataba si ulisoma?" Mara ya pili simu iliita mpaka ikakatika. Mara ya tatu picha ya wasifu ya muuzaji ikawa haionekani tena. Kablokiwa.

Hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii zinapoishia. Kila mtu mjini anamjua mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. IST inayokula oili kama chipsi, Passo yenye gia boksi inayopiga kelele, gari lenye kadi mbili na wenyewe wawili. Mnunuzi analia wiki moja, anachekwa mwezi mmoja, maisha yanasonga. Ila kwa huyu jamaa kulikuwa na sehemu ya pili, na sehemu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Pale gereji washkaji walimpa ushauri wa bure. "Wewe umeingizwa mjini, na wewe muingize mwingine. Gundi mpya elfu thelathini. Osha injini, weka manukato. Mteja akikaribia, iwashe mapema ipate moto ili asisikie inavyowaka ikiwa ya baridi. Mpeleke kwenye tambarare." Jamaa akasikiliza huku mwili ukimsisimka, maana walikuwa wanamsimulia siku yake mwenyewe pale yadi, hatua kwa hatua.

Na mteja akapatikana. Tena haraka, tena mtu wa kwao. Alikuwa mwalimu, yule yule aliyemfundisha darasa la sita, ambaye mkopo wake ulikuwa umetoka na alitaka gari la familia. Alilipenda lile Noah tangu siku ya sherehe. Akataja milioni 11, mkononi, hata kesho. Jamaa akamuuliza kama angependa kuja na fundi wake alikague.

Mwalimu akacheka. "Fundi wa nini, mwanangu? Si ninakujua wewe tangu unavaa kaptula."

Usiku ule jamaa hakulala. Milioni 11 zingelipa VIKOBA, zingerudisha ng'ombe kadhaa zizini, na aibu ingehamia kwa mtu mwingine. Kilichotakiwa ni kukaa kimya tu.

Kuna mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika juu ya usiku wa namna hii bila kumjua mtu yeyote wa Dirma. Ilikuwa mwaka 1970. Wamarekani gari bovu wanaliita limau, kama sisi tunavyoliita kimeo, na Akerlof aliandika makala kuhusu soko la malimau. Hoja yake ni nyepesi. Muuzaji wa gari lililotumika anajua kilichomo ndani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hajui, anaogopa, na kwa kuwa anaogopa, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiona ile bei anasema bora nibaki nalo. Mwenye kimeo anasema leta hela. Mwisho wa siku sokoni vinabaki vimeo, na kila mtu anamhesabu mwenzake kuwa tapeli. Kwa kazi hiyo Akerlof alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Wamarekani hawakuishia kwenye makala. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilipitisha sheria iliyokuja kuitwa sheria ya limau, na majimbo mengine yakafuata. Inagusa zaidi magari mapya. Kwa ufupi, gari jipya likiwa na kasoro kubwa, likarudishwa gereji mara nne kwa tatizo lile lile bila kupona, au likalala gereji jumla ya siku 30 ndani ya muda uliowekwa, mtengenezaji anatakiwa akupe lingine au akurudishie hela. Idadi na muda vinatofautiana jimbo kwa jimbo. Majimbo machache kama New York na Massachusetts yana sheria za kuwalinda hata wanunuzi wa magari yaliyotumika.

Jamaa aliyasikia haya yote kwa mara ya kwanza Katesh, kwa msaidizi wa kisheria aliyeelekezwa na dada yake. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hawadai malipo. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Jamaa alikuwa ameona video TikTok ya Mmarekani aliyerudisha gari akapewa jipya, akaja akiwa amejaa matumaini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sheria ya malimau sisi hatuna," mama akamkata mapema. "Kwetu hakuna kuhesabu mara nne gereji. Lakini usiondoke. Kaa. Nionyeshe simu yako."

Akasoma ule ujumbe. Akasikiliza ile sauti ya kuuliza kuhusu abiria na vilima. Akavua miwani. "Nani alikwambia huna kesi?"

Alichomweleza ndicho kitu ambacho kila anayetafuta gari lake la kwanza angepaswa kukijua kabla hajatoa hata shilingi.

Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mizizi yake ni ya enzi za mkoloni na haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake, lakini gari nalo ni bidhaa. Sheria hiyo inaingiza masharti kwenye mauzo hata kama hakuna aliyeyaandika. La kwanza: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Ukisema injini haijafunguliwa, iwe haijafunguliwa. La pili: ukinunua kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzika. La tatu: ukimweleza mfanyabiashara huyo unataka kuitumia kwa kazi gani, ukaonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, inatakiwa ifae kwa kazi hiyo.

"Umeona?" mama akasema. "Ungenyamaza ukanunua tu, hilo la tatu lingekuwa gumu. Wewe ulisema abiria, ukasema vumbi, ukasema vilima. Na yeye akajibu kesho unapiga kazi. Huo ujumbe usiufute hata simu ikilia."

Halafu akampa na upande mchungu, maana sheria ina pande mbili. Ukilikagua gari mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona huwezi kuidai kwenye hilo sharti la ubora. Tairi limeisha, kioo kina ufa, bodi imepigwa, hayo ni yako. Ufa uliofichwa kwa gundi ndani ya injini ni habari nyingine. Pia ukinunua mkononi kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa magari, ule ulinzi wa ubora na wa kufaa kwa kazi haupo. Kinachobaki ni maelezo aliyokupa, na kama alikudanganya. Na gari lililotumika haligeuki jipya kwa sababu ya sheria. Umri wake na bei yake vinaangaliwa.

Kuhusu kulirudisha gari, hakumpamba. Kulikataa kabisa na kudai hela yote si rahisi. Gari likishakuwa mali yako, au ukishalipokea na kulitumia kama lako, mara nyingi kinachobaki ni fidia, yaani tofauti kati ya thamani ya gari ulilopewa na thamani ambayo lingekuwa nayo kama maneno ya muuzaji yangekuwa kweli. Udanganyifu ukithibitika, mlango mwingine unafunguka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyeingizwa kwenye mkataba kwa ulaghai kuuvunja. Kwa vyovyote, ukigundua kasoro usiendelee kupakia abiria huku unalalamika. Paki gari. Mjulishe muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Jamaa akaweka mkataba mezani na kuonyesha zile herufi kubwa. Kama lilivyo. Halirudishwi.

Mama akautazama. "Pande mbili zinaweza kukubaliana kupunguza baadhi ya hayo masharti, kwa hiyo siwezi kukwambia haya maneno ni takataka. Lakini hakuna herufi kubwa inayohalalisha uongo. Mtu hawezi kurudisha kilometa nyuma halafu akajificha chini ya karatasi."

Na kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji na kutoa taarifa za uongo kuhusu bidhaa wanazouza. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko ya mlaji yanaweza kupelekwa huko. Mahakamani nako si lazima ukaanzie mbali. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba ambayo hayazidi shilingi milioni 30, na madai ya mkataba kwa kawaida yana muda wa miaka sita kabla hayajafa. "Miaka sita isikudanganye," akaongeza. "Ukikaa miezi sita tu, watasema wewe ndiye uliyeliharibu."

Jamaa akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni. "Na mimi nikiliuza kama lilivyo, mama? Nisiseme kitu. Nisidanganye, ninyamaze tu."

Mama hakujibu upesi. "Kisheria kunyamaza peke yake si mara zote ni ulaghai. Wewe si mwenye yadi. Huenda ukapona. Lakini akikuuliza kama injini ni nzima ukasema ndiyo, au ukaweka gundi ili asione, basi wewe na yule wa Arusha mtakuwa mnaitwa jina moja. Nani anataka kulinunua?"

Akamtaja mwalimu. Mama akamjua. Katesh na Dirma watu wanajuana.

Jioni hiyo jamaa alimkuta Ayo nje anapeta mahindi. Akamwambia yote, kuanzia gundi, kilometa, mpaka zile milioni 11 za mwalimu. Ayo alikuwa mtu wa mnada maisha yake yote. Akauliza, "Ukinunua ng'ombe unafanyaje?"

"Namfungua mdomo naangalia meno. Namtembeza."

"Asubuhi au akiwa ameshatembezwa na mwenyewe?"

Jamaa akanyamaza.

"Gari ulilikuta limeshatembezwa," Ayo akasema. Akaendelea kupeta. Baadaye kidogo, bila kuinua kichwa: "Mwalimu yule ndiye aliyekuandikia barua ulipofukuzwa ada."

Kesho yake alienda nyumbani kwa mwalimu na ile kadi ya oili mkononi. Akamwonyesha. Akamwambia, "Shikamoo mwalimu. Lile gari si la kununua. Nimepigwa." Ilikuwa sentensi fupi, ila anasema ilimtoa jasho kuliko kusukuma pikipiki masika. Kwa sababu kijana wa mjini anaweza kukubali kuwa maskini, anaweza kukubali kuwa single, lakini kukubali kwamba ameingizwa mjini ni shughuli. Na wauza vimeo wanaishi kwa aibu hiyo. Wanajua ukichekwa utanyamaza, na ukinyamaza mwingine atakuja.

Barua ya madai iliandikwa ukurasa mmoja. Fundi wa Katesh akaandika ripoti yake kwa mkono na kusaini: ufa, gundi, bolti, kilometa. Picha zikachapishwa. Mazungumzo ya WhatsApp yakachapishwa yakiwa na tarehe na namba ya simu, na simu yenyewe ikatunzwa. Taarifa ya benki ikaambatanishwa. Mkataba ukapelekwa kulipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu hati inayotakiwa kuwa na stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Barua ikampa muuzaji siku 14, ikisema baada ya hapo ni Tume ya Ushindani na mahakama, na nakala ikapelekwa yadi kwa mkono mbele ya shahidi.

Siku 14 zikaisha kimya. Siku ya 17, jamaa akiwa tayari ameandaa karatasi za kufungua shauri, simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ile ile, ila safari hii haikumwita dogo. "Kaka, mambo haya si ya kufikishana mbali. Tuongee kama watu wazima."

Waliongea kama watu wazima, mbele ya msaidizi wa kisheria, kwa maandishi. Muuzaji alianza na milioni moja. Wakavutana. Wakamaliza kwenye milioni nne na laki mbili, zilizolipwa kwa mkupuo mmoja, benki kwa benki.

Huu si ule mwisho wa TikTok. Injini nyingine iliyotumika, na safari hii aliisikiliza ikiwa ya baridi huku fundi wake akiwa pembeni, pamoja na ufundi, vilikula milioni tatu na laki nane. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe miezi minne bila kuingiza hata mia. Deni la VIKOBA lilizaa riba. Kati ya ng'ombe watano wa Ayo, mpaka sasa amerudi mmoja. Yadi ile bado ipo, na matangazo yake bado yanapigwa picha jioni.

Lakini Noah inatembea. Siku za mnada inajaa, na kile kilima inakipanda mshale ukiwa katikati. Mwalimu naye hatimaye alinunua gari lake. Alimchukua fundi wa Katesh mpaka mjini, wakafika saa moja asubuhi kabla yadi haijafunguliwa, ili walikute limelala. Fundi alishika boneti kwa kiganja kwanza. Ilikuwa ya baridi. Ndipo wakasema washa. Wakamwomba muuzaji aandike kwenye mkataba, kwa maneno yake, hali ya injini na kilometa, na namba ya chasisi. Kadi ikahakikiwa TRA kabla ya malipo. Magari mawili ya kwanza muuzaji alikataa kuandika. La tatu aliandika. Wakanunua la tatu.

Siku hizi vijana wa Dirma wanaotaka kununua hata pikipiki wanapita kwanza kwa jamaa. Anatoa simu yake iliyojaa, anawatafutia ule ujumbe, anawaambia wasome. Wengine wanacheka. Anawaacha wacheke mpaka wamalize, halafu anawauliza: "Wewe muuzaji amekuandikia nini?"

Na wewe unayesoma hapa, swali lako ni lile la ule usiku mmoja. Kimeo kiko mlangoni, deni linazaa, mwalimu wako amesimama na milioni 11 na anasema hahitaji fundi. Sema ukweli wako: ungemuuzia?